Usiache ugomvi wa tokeni ufike kwenye kabila

Katika ploti za Nairobi, Kawangware au Pipeline, majirani hawaanzi kugombana kwa sababu ya kabila. Huanza na tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, iliyoisha saa mbili usiku, au maji yaliyofunguliwa mara moja kwa wiki, mtu mmoja akajaza mapipa matatu. Kabila huja baadaye, pale "wewe umemaliza stima" inapogeuka "nyinyi ndivyo mlivyo". Ukiombwa kusuluhisha, kazi yako ni kuirudisha "nyinyi" iwe "wewe", kisha uifikishe kwenye shilingi na lita.

Usiwakutanishe siku ileile. Zungumza na kila mmoja peke yake, nusu saa inatosha: nini kilitokea, na unataka kesho iwe vipi? "Nani alianza" liache, litakula jioni nzima.

Kikao kiwe Jumapili alasiri. Jioni ya siku ya kazi watu wana njaa na watoto wanalia. Msikae nyumbani kwa mmoja wao. Watu watano tu: wagomvi wawili, kila mmoja na mtu wake, na wewe. Ukiita ploti nzima, kila mtu atahutubia. Msimamizi anayekusanya pesa za tokeni asiwe msuluhishi, kwa maana mara nyingi yeye mwenyewe ni sehemu ya kesi.

Mmoja aseme dakika tano bila kukatizwa. Mwenzake, kabla ya kujibu, arudie alichosikia. Hapa ndipo pagumu. Wengi hurudia kwa kejeli: "Eti anasema mimi ni mwizi." Mrudishe polepole, mpaka msemaji mwenyewe akubali, "Ndiyo, hivyo." Mtu akishasikia maneno yake yametoka sawasawa kinywani mwa jirani, sauti hushuka yenyewe.

Sasa leteni hesabu. Tuseme nyumba sita zinatumia mita moja, tokeni ni shilingi 1,200 kwa wiki, na kila nyumba hutoa 200. Wanne wasio na friji wana haki ya kunung'unika. Kila nyumba itoe 150, zitapatikana 900. Zile mbili zenye friji ziongeze 150 kila moja, na 1,200 imetimia. Andikeni kwenye karatasi, mtie sahihi, nakala moja ibandikwe karibu na mita.

Msiwalazimishe kupeana mikono. Mkono wa kulazimishwa hurudi na ugomvi mpya kabla ya mwezi kuisha.

Hata makubwa yaliwahi kuanzia padogo hivi. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1993, koo zikiwa zinauana, akina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni: mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila kusumbuliwa.

Kuna ya kutosuluhisha kabisa. Mume anayepiga mke, mtoto aliyenajisiwa, panga lililotolewa: hayo si ya kikao cha veranda, hata wazee wakikusihi "tuyamalize nyumbani". Piga 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa mtoto, na uende polisi.

Baada ya wiki mbili, pita tena kwenye ploti. Usiulize kama wanapendana. Soma ile karatasi kando ya mita, uone kama majina yote sita yana alama ya kulipa.