Soketi inacheza mchana: nitoboe matundu?

SWALI: Nilikatwa mguu chini ya goti. Asubuhi mguu wa bandia unanikaa vizuri, lakini ikifika saa nane mchana unacheza, na ndani jasho tupu. Kaka yangu anataka kuitoboa soketi, yaani kile kikombe cha mguu wa bandia kinachoingia kigutu, kwa drili ipate hewa. Afanye? Na je, haiwezi kutengenezwa soketi ya kukaza na kulegeza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Drili iwekwe kando, tafadhali. Soketi nyingi za huku ni ganda la polipropilini lenye bitana ya sponji ya EVA, na sponji hiyo haipitishi hewa. Ukitoboa ganda peke yake, jasho linabaki palepale. Ukitoboa mpaka ndani, ngozi huvimba na kujipenyeza kwenye tundu, na tundu ndilo mwanzo wa ufa. Ufa huo hauzibwi kwa gundi, maana polipropilini haishiki gundi. Huchomelewa kwa hewa ya moto. Kwa jasho, vua mguu mchana, kausha kigutu, badilisha soksi ya kigutu.

Kucheza kuna sababu nyingine. Kadiri unavyotembea, majimaji hukamuliwa kutoka kwenye kigutu, nacho kinapungua na kuzama. Kuongeza soksi kunasaidia, ila usibahatishe. Kanda unga kwa maji, finyanga kidonge cha ukubwa wa gololi, kizungushie nailoni, kitumbukize ndani ya soketi. Vaa, simama dakika moja kwa miguu yote miwili, vua. Kikibaki na unene wa milimita 3 hadi 5, umepatia. Kikiwa kimebanwa kabisa, ongeza soksi. Kikiwa bado mviringo, kigutu hakifiki chini, basi punguza soksi. Hili la mwisho watu hulipuuza, na lina madhara makubwa: pakiwa na nafasi tupu, ncha ya kigutu huvimba, huwa nyekundu, kisha ngozi hukakamaa na kuota vinundu.

Soketi ya kukaza inawezekana, na tungefurahi mafundi wahangaike nayo kabla ya kufikiria nyayo za bandia za bei kubwa. Lakini ipangwe tangu kigutu kinapochukuliwa umbo kwa plasta, si kukata soketi ya zamani. Fundi huacha dirisha nyuma, kwenye nyama ya shavu la mguu, na kulifunika kwa kipande kinachokazwa na mkanda wa velkro. Dirisha lisiwe juu ya muundi wala kwenye kinundu cha mfupa upande wa nje chini ya goti. Ukuta wa nyuma ulio usawa wa kano iliyo chini ya pia ya goti usiguswe pia. Ndio unaolisukuma goti mbele likae mahali pake. Pembe za dirisha ziviringwe, kwani pembe kali hupasuka. Shiti ya polipropilini ya milimita 5 ni bora kuliko ya 4. Chini ya kingo upite ulimi wa plastiki laini, ngozi isibanwe. Ukivaa, simama kwanza ndipo ukaze. Ukikaa muda mrefu, legeza.

Wekundu usiotoweka dakika 15 baada ya kuvua, au kidonda hata kidogo, usivae tena mpaka fundi aone. Mwenye kisukari akague kigutu kwa kioo kila jioni, kwa sababu huenda asihisi maumivu.