Maswali ya Wasomaji: Utafiti Kama Ajira, na Nafasi Inayokufaa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo linalokaribiana: mtu anapenda utafiti, ana elimu ya kutosha au anadhani hana, na hajui aelekee wapi. Tumechagua nne, tukazifupisha na kuondoa majina ya waandishi na ya waajiri wao.

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo. Nina shahada ya uzamili, na kwa miaka 7 nimekuwa mtafiti msaidizi katika miradi 4 tofauti. Nimeandaa hojaji, nimefundisha wakusanyaji wa data, nimesafisha data hadi usiku wa manane. Mradi ukiisha, mkataba nao huisha. Kila ninayemwomba ushauri huniambia nikasome shahada ya uzamivu. Je, bila shahada hiyo sitakuwa mtafiti kamili?
*Msaidizi wa kudumu*

Marahaba. Barua yako ina maswali mawili yaliyovaa nguo moja, na kabla ya kukujibu sina budi kuyatenganisha. La kwanza ni kama unataka kuuliza maswali yako mwenyewe badala ya kutafuta majibu ya maswali ya wengine. La pili ni kama unataka kazi unayoifanya sasa itambuliwe na mkataba wako udumu. Shahada ya uzamivu imekusudiwa kujibu swali la kwanza. La pili hulijibu kwa kubahatisha tu, maana wako wengi wenye shahada hiyo ambao nao huishi kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, wakihesabu miezi iliyobaki kama unavyohesabu wewe.

Uzamivu ni mafunzo ya miaka 3 hadi 6, kutegemea nchi na fani, na wengine huchukua zaidi. Humo mtu hujifunza kubuni swali ambalo halijajibiwa, kulitetea mbele ya wanaolijua vizuri kuliko yeye, na kubaki nalo hata linapomchosha. Anayetaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu, au mtafiti mkuu anayeomba ruzuku kwa jina lake, kwa kawaida hana njia ya kuikwepa. Hata hivyo, utazame mradi wowote uliowahi kuufanyia kazi uone ni nani waliouendesha hasa: meneja wa data, mtakwimu, mratibu, fundi sanifu wa maabara, mkutubi aliyepekua machapisho ya awali, mwandishi wa maandiko ya kuombea fedha. Wengi wao hawana uzamivu, nao hawajioni kuwa watafiti nusu. Kazi nyingine hukosa heshima kwa sababu tu hazijapata jina. Cheo cha mhandisi wa programu za utafiti, kwa mfano, kilibuniwa nchini Uingereza mwaka 2012 na watu waliokuwa tayari wakiwaandikia wanasayansi programu za kompyuta, lakini hawakuwa na cheo kilichoeleza walichokuwa wakikifanya kila siku.

Ukihitaji mifano mikubwa, ipo. Gertrude Elion alianza masomo ya uzamivu jioni baada ya kazi, kisha akatakiwa asome kwa muda wote au aache. Alichagua kubaki maabara, na mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyozaa dawa za magonjwa kadhaa. Koichi Tanaka alipata Nobel ya kemia mwaka 2002 akiwa na shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, mwajiriwa wa kampuni ya kutengeneza vifaa vya maabara. Siwataji hawa ili uanze kuiota tuzo. Nawataja kwa sababu wote wawili walikuwa mahali palipowapa vifaa, wenzao wa kujadiliana nao na ruhusa ya kulifuata jambo walipoona kuna jambo. Ruhusa hiyo ndiyo ya kutafutwa, na nyakati nyingine haipatikani hata kwa mwenye uzamivu.

Sasa fanya haya. Chukua karatasi, uandike kwa kila mmoja wa miradi yako 4 kile ambacho wenzako walikufuata kukuomba, si kile kilichoandikwa katika mkataba. Kama walikujia kwa sababu data zilizovurugika hutulia mikononi mwako, au kwa sababu wakusanyaji wa data hawakorofishani ukiwapo, hapo umekwisha kuonyeshwa ujuzi ambao waajiri huutafuta kwa majina ya meneja wa data na mratibu wa utafiti, na miaka 7 katika ujuzi huo ni mali. Kisha ujipime. Mwombe mtafiti mkuu mmoja akuruhusu kutumia sehemu ya data za mradi uliokwisha kujibu swali dogo ulilolibuni wewe mwenyewe. Angalia kwanza kama ridhaa ya washiriki na kibali cha kamati ya maadili vinaruhusu matumizi hayo, kwa kuwa data ulizozikusanya kwa jasho lako si lazima ziwe zako. Jipe miezi 6 na uandike makala moja. Ukijikuta unaiba muda wa usingizi ili urudi kwenye aya ya mjadala, nenda kasome. Ukijikuta umesafisha majedwali mara tatu ili usiianze aya hiyo, umepata jibu pia, na halina aibu yoyote.

Ukiamua kusoma, msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Zungumza na wanafunzi wake waliomaliza, na kama unaweza kuwapata, zungumza na walioacha njiani. Uliza walichukua muda gani, rasimu ya sura hukaa mezani kwake kwa wiki ngapi, na wako wapi leo. Msimamizi mwema hatakasirika kusikia kwamba umeuliza.

Ndugu Mshauri, namaliza uzamivu mwaka huu nikiwa na barua mbili mezani. Moja ni nafasi ya utafiti baada ya uzamivu kwa miaka 2, chini ya profesa anayejulikana sana. Ya pili ni ajira ya kudumu katika kitengo cha utafiti cha kampuni, kwa mshahara mkubwa zaidi. Wenzangu wananiambia nikienda kampuni sitarudi tena chuoni. Je, ni kweli?
*Mwenye barua mbili*

Ni kweli kwa kiasi, na kiasi chenyewe hutegemea fani. Kinachofunga mlango wa kurudi mara nyingi ni kukosa machapisho, wala si kampuni kwa kuwa ni kampuni. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini waulize kwa maandishi kama watafiti wao huchapisha, nani hutoa idhini ya kuchapisha, na idhini hiyo huchukua muda gani. Waulize pia ni nani anayechagua maswali. Zipo kampuni ambamo kitengo cha utafiti hupewa tatizo pana na kuachiwa kulikabili, na zipo nyingine ambamo mtafiti hutekeleza maagizo ya idara ya mauzo. Hizo ni kazi mbili tofauti, ingawa cheo ni kilekile.

Hata barua ya profesa isomwe kwa jicho hilohilo. Miaka 2 ni mifupi kuliko inavyosikika. Miezi ya kwanza utaitumia kuzoea mahali na kusubiri vibali, na miezi 6 au zaidi ya mwisho utaitumia kuomba kazi nyingine, kwa hiyo muda wa utafiti wenyewe hubaki kama mwaka mmoja tu. Uliza kama mradi una data tayari au unaanza sifuri, kama utaruhusiwa kuondoka na sehemu ya mada hiyo iwe msingi wako, na watano waliokutangulia katika nafasi hiyo wako wapi. Profesa anayejulikana sana husafiri sana pia, na huenda mtu utakayefanya naye kazi kila siku ni mwingine ambaye hukutajiwa hata jina.

Pengine utasimuliwa habari za Katalin Karikó ili utiwe moyo wa kubaki chuoni. Ni habari ya kweli na inagusa moyo: alishushwa cheo katika chuo kikuu mwaka 1995, akaendelea na utafiti wake wa mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, akachapisha pamoja na Drew Weissman makala muhimu mwaka 2005, na mwaka 2023 wakatunukiwa Nobel. Wasimulizi husahau kwamba mwaka 2013 alihamia BioNTech, ambayo ni kampuni. Husahau pia kwamba uvumilivu wa aina hiyo haujawalipa wengi waliouonyesha, nasi hatuwafahamu kwa sababu hawakualikwa jukwaani. Usiufanye wasifu wa mtu mmoja kuwa ramani yako.

Ningekuwa wewe, na kama kampuni inaruhusu kuchapisha, ningeichukua barua ya pili. Kama hairuhusu, na bado unatamani kufundisha, chukua ya kwanza, lakini anza kutafuta kazi inayofuata mwaka wa kwanza haujaisha.

Mshauri, tulifanya utafiti watu 6. Mimi ndiye niliyetengeneza hojaji na kuchambua takwimu zote. Makala imetoka na jina langu halimo. Nidai nini, na kwa nani?
*Aliyesahauliwa*

Dai nafasi ya uandishi, kwa upole na kwa ushahidi. Anza na mtafiti mkuu, na usipende kuanza na jarida. Miongozo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo hufuatwa hata nje ya tiba, huweka masharti 4 kwa anayeitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kupata data, kuzichambua au kuzifasiri, awe ameshiriki kuandika makala au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Lazima yote yatimie. Waliokuacha huenda wakasema kwamba hukushiriki kuandika, lakini miongozo hiyohiyo inaelekeza kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe fursa ya kutimiza mengine. Je, ulipewa rasimu ukakaa kimya, au hukuonyeshwa kabisa? Jibu la swali hilo ndilo lenye uzito katika dai lako, kwa hiyo tafuta barua pepe na mafaili yenye tarehe. Majarida yana utaratibu wa kusahihisha orodha ya waandishi hata baada ya kuchapisha, ila kwa kawaida hutaka waandishi wote waliomo wakubali.

Katika mradi ujao, jambo hili liandikwe kabla data hazijachambuliwa. Upo mfumo uitwao CRediT unaotaja aina 14 za mchango, zikiwamo mbinu za utafiti, utunzaji wa data, uandishi wa programu na usimamizi, na majarida mengi sasa huzichapisha pamoja na makala. Kaeni nao mezani siku ya kwanza, kila mmoja aseme atabeba kipi. Mjadilini na mpangilio wa majina, kwa sababu desturi hutofautiana: katika hisabati na uchumi majina mara nyingi hufuata alfabeti, ilhali katika sayansi za maabara wa kwanza huwa ndiye aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho huwa mkuu wa kundi.

Ndugu Mshauri, nina miaka 44. Nilikuwa mwalimu, kisha nikasoma uzamili wa takwimu. Nimetuma maombi 31 ya kazi za utafiti, nikaitwa kwenye usaili mara moja. Je, ni umri?
*Mwombaji*

Huenda umri umo, kwani ubaguzi upo na sitakudanganya. Hata hivyo, umeniambatishia nakala ya wasifu wako, na nadhani tatizo kubwa limo humo. Umeutuma wasifu uleule kwa kazi 31 zinazotofautiana, na mistari yake ya juu inaorodhesha vyeo ulivyoshika. Msomaji wa kwanza wa maombi yako hatafuti vyeo, anatafuta mtu anayeweza kutenda mambo fulani.

Lichukue tangazo la kazi, upigie mstari vitenzi vyake: kuchambua, kuratibu, kuandaa taarifa, kusimamia, kuwasilisha. Majina katika matangazo huwa makubwa, lakini kazi yenyewe imo katika vitenzi. Kwa kila kitenzi, andika tukio moja ulilolitenda na kilichotokea. Ualimu utakusaidia hapo kuliko unavyodhani, kwa sababu umepanga, umepima, umeeleza mambo magumu kwa wasioyapenda, na umesahihisha mamia ya karatasi bila kulegeza kipimo. Vitenzi vikiwa 8 na 5 kati yake huvipendi, usiombe hiyo kazi hata kama cheo chake kinapendeza, kwa maana ukiipata ndivyo vitakavyokujaza siku. Maombi 6 yaliyoandikwa hivyo yana matumaini kuliko 31 ya kunakili.

Kisha weka kazi yako mahali panapoonekana. Tafuta data zilizowekwa wazi kwa umma kuhusu elimu, eneo unalolifahamu kwa ndani kuliko watakwimu wengi, fanya uchambuzi mmoja mfupi, na uuchapishe pamoja na programu ulizozitumia ili mwingine aweze kuurudia. Jisajili ORCID, ambayo ni bure, upate namba ya tarakimu 16 itakayounganisha kazi zako zote na jina lako. Ukimwandikia mtafiti kumwomba nafasi, taja makala yake moja uliyoisoma kweli, taja ulichoweza kukifanya upya au kukiongeza, na uambatishe uchambuzi huo. Aya mbili zinatosha.

Ukishaurekebisha wasifu, nitumie tena pamoja na tangazo la kazi unayoilenga, kwani bila tangazo siwezi kujua kama umefaa.