Nilijua nimependa kuruka na parachuti siku ambayo sikuruka

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba mwezi uliopita uliruka kwa mara ya kwanza ukiwa umefungwa kwa mikanda mbele ya mkufunzi, kwamba tangu siku hiyo usingizi wako umekuwa mwepesi na mazungumzo yako yote yanaishia angani, na ungependa kujua kutoka kwa waliotangulia ni lini hasa mtu hutambua kuwa ameupenda mchezo huu na si kwamba amesisimka tu. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu nami nililibeba kwa miezi kadhaa bila kuwa na mtu wa kumwuliza. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Mruko wangu wa kwanza ulifanana na wako. Tulitoka kwenye ndege tukiwa kwenye kimo cha mita 4,000 hivi, mkufunzi akaachia ile parachuti ndogo ya breki, kwa maana watu wawili waliofungwa pamoja ni wazito na bila breki hiyo wangeporomoka kwa kasi kubwa mno, na kwa muda unaokaribia dakika moja tulishuka kwa takriban kilomita 200 kwa saa, hadi alipofungua parachuti kubwa tulipofika mita 1,500. Nilitua huku ninalia na kucheka kwa pamoja. Kwa majuma mawili kila niliyekutana naye alisimuliwa habari ile, atake asitake, na siku zile ningeapa kwamba hayo ndiyo mapenzi. Leo nikitazama nyuma ninaona ilikuwa fahari ya kuthubutu na kurudi mzima, pamoja na adrenalini iliyokuwa bado haijatulia mwilini. Sisemi hivyo ili kuipunguzia thamani siku yako, kwani yangu ninaitunza hadi leo. Ninachosema ni kwamba ungeniuliza nilichokumbuka kuhusu anga yenyewe, ningekutajia kelele ya upepo, baridi, na mkono wa mkufunzi ukinigonga begani, basi. Mchezo wenyewe nilikuwa bado sijauona.

Nilijiandikisha kwenye mafunzo ya kuruka peke yangu, yale ya ngazi saba ambayo yalianza kutumika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku ya kwanza inaishia ardhini, ukijifunza namna ya kutoka mlangoni, namna ya kukunja mgongo kama upinde ili tumbo liwe chini, namna ya kusoma kipimo cha mwinuko kilichofungwa mkononi, na hasa la kufanya iwapo parachuti kuu itafunguka vibaya: unaitambua hitilafu, unaitupa parachuti hiyo, unavuta ya akiba, na unayarudia maneno hayo pamoja na mikono yako mpaka mwili uyajue kabla ya akili. Miruko ya awali wakufunzi wawili wanakushika, mmoja kila upande. Baadaye anabaki mmoja, na mwishoni naye anakuachia.

Hapa ninafika kwenye jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu yeyote. Nilipojifunzia, mwanafunzi hakuruhusiwa kuruka upepo wa ardhini ulipozidi kilomita 22 hivi kwa saa, na kwa hiyo siku nyingi tulikaa kutwa nzima tukitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha nguvu na mwelekeo wa upepo. Kila mara mkuu wa zamu alipotangaza kwamba wanafunzi hawataruka, niliinamisha uso pamoja na wenzangu kama mtu aliyeumia, lakini ndani nilishusha pumzi. Ilikuwa ahueni tamu, kama ya mtoto aliyeambiwa kwamba mtihani umeahirishwa. Nilifika kituoni alfajiri kwa hiari yangu, nikavaa mikanda kwa hiari yangu, huku nikiomba kimoyomoyo kwamba upepo uzidi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nikiwa ninajichukia kidogo, na juma lililofuata nilirudi tena. Nilijiuliza mara nyingi kama kweli ninaupenda mchezo huu au ninaogopa tu kuwaambia watu kwamba nimeacha.

Ngazi ya nne ilinishinda mara mbili. Mkufunzi alipoachia mkono wake nilianza kuzunguka kama pia, na kadiri nilivyojikaza ndivyo nilivyozidi kuzunguka. Tulipotazama picha za video tukiwa chini alinionyesha chanzo chake: mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekunjika zaidi ya wa kulia, tofauti ya kiganja kimoja tu, na kwa kasi ile tofauti hiyo inatosha kumgeuza mtu mzima. Maelezo hayo yalinifungua macho. Nilikuwa nimedhani kwamba kuporomoka ni kutendewa jambo, yaani unaachiwa na dunia inakuvuta, kumbe hewa unayoipasua kwa kilomita 200 kwa saa ni kitu kizito unachoweza kukiegemea, na kila kiungo ulicho nacho ni usukani. Mara ya tatu nililegeza mwili, nikanyoosha miguu sawasawa, nikainamisha bega moja kidogo, na upeo wa macho ukazunguka polepole mbele yangu kwa sababu mimi nimetaka uzunguke. Nilipotaka usimame, ulisimama.

Niongeze jambo moja ambalo wengi ambao hawajaruka hawaliamini, ingawa wewe umeshalionja. Tumbo halipandi kooni kama linavyopanda mtu anapoteleza ngazini. Ndege inakwenda mbele kwa kasi, nawe unapotoka una kasi hiyohiyo, kwa hiyo upepo unakupokea kwanza kutoka upande ndege inakokwenda, kisha mwelekeo wake unageuka taratibu hadi unapokuwa unatoka chini yako. Kwa sekunde kumi hivi za kwanza unateremka kana kwamba unateleza kwenye mgongo wa kilima kisichoonekana, sauti ya injini inafifia, sauti ya upepo inakua, na halafu kasi haiongezeki tena. Hapo mwili hauhisi kuanguka bali kulala juu ya kitu. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu sekunde hizo kumi na sijawahi kuridhika na maneno yangu.

Basi siku ninayotaka kukusimulia, nilikuwa nimemaliza ngazi zote saba na ungekuwa mruko wangu wa 12. Asubuhi anga ilikuwa safi. Tulipanda kwa takriban dakika 20, magoti yakigusana kwenye sakafu ya ndege, kila mmoja akiwa amekinga vishikio vyake kwa mkono, kwa sababu parachuti ikifunguka kwa bahati mbaya karibu na mlango ulio wazi inaweza kuwaangamiza wote waliomo. Hofu yangu ya kawaida nilikuwa nayo: viganja vimelowa, mdomo mkavu. Tulipofika juu mlango ulifunguliwa, na chini yetu, pale uwanja ulipopaswa kuwa, kulikuwa na wingu limetanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Taa ya kuruhusu kuruka ilibaki nyekundu. Rubani alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili. Mrukaji mmoja mzoefu alionyesha upenyo mdogo kwenye wingu na kusema kwamba angeweza kupita pale, na mkufunzi wangu akatikisa kichwa bila kusema lolote. Hatupiti ndani ya wingu: humwoni aliye chini yako, huioni ndege nyingine, huoni unakokwenda kutua, na aliye karibu nawe hakuoni wewe. Mlango ukafungwa. Tukaelekezwa kwa ishara kufunga mikanda ya ndege.

Nilikaa nikaisubiri ile ahueni. Niliijua vizuri, nilijua inakoanzia, chini kidogo ya mbavu, na namna inavyolegeza mabega. Haikuja. Niliisubiri tena, kama mtu anayegusa mfuko ambao ana hakika aliweka ufunguo, na mahali pake nikakuta kitu ambacho sikukitambua mara moja kwa sababu sikuwa nimewahi kukihusisha na mchezo huu: huzuni, ile ya kumkosa mtu uliyemtarajia.

Rubani alishuka kwa uangalifu mkubwa. Huenda hulijui hili: wanafunzi huvaa kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe endapo mtu anafika karibu na ardhi akiwa bado anaporomoka kwa kasi. Aina ya kielektroniki inayoitwa CYPRES, iliyoingia sokoni mwaka 1991, imeokoa maisha ya watu wengi waliopoteza fahamu au hesabu ya kimo. Cha mwanafunzi hupangwa kiwe chepesi kuamka, kwenye kasi ya takriban mita 13 kwa sekunde, na ndege inayoshuka kwa pupa inaweza kukidanganya kifaa hicho na kufungua parachuti ndani ya ndege. Kwa hiyo tulishuka polepole, na nilikuwa na muda mrefu wa kutazama kipimo kilichokuwa mkononi mwangu.

Sindano ilipita 3,500. Nikawaza kwamba hapa kilima kingekuwa kimekwisha na hewa ingekuwa tayari inanibeba. Ikapita 2,500, na nikajua kwamba hapa ningekuwa nimemaliza mzunguko wangu wa pili na ninautafuta upeo wa macho. Ilipofika 1,700, kimo changu cha kufungua, mkono wangu wa kulia uliondoka wenyewe pajani na kuanza kwenda nyuma kiunoni. Niliurudisha haraka, nikatazama huku na huku kuona kama kuna aliyeona. Kisha nikaendelea kusubiri pamoja na sindano: hapa ningekuwa nimetazama juu kuona kama kitambaa kimejaa chote na kina umbo la mstatili, hapa ningekuwa kwenye ule ukimya unaofuata, ambao hauna mfano, wakati upepo wote unapokatika ghafla na unasikia kamba zikinong'ona. Mita 300, ningekuwa ninakwenda na upepo kando ya uwanja. Mita 200, ningekata kona. Mita 100, ningegeuka kuukabili upepo. Magurudumu yalipogusa ardhi nilikuwa nimeuruka mruko mzima kichwani, kimo kwa kimo, na nilikuwa ninalia kimya ndani ya kofia yangu kwa sababu haukuwa wa kweli. Hapo ndipo nilipojua.

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na nadhani waliokaa karibu nami walikuwa wamekisikia kikohozi hicho muda mrefu kabla yangu. Jioni ile nilimsimulia dada yangu, ambaye hakuwahi kuupenda mchezo huu hata kidogo, nikitarajia ashangae. Hakushangaa. Aliniambia, «Mdogo wangu, siku hizi ukitoka nje asubuhi unatazama majani ya miti kabla hujamsalimia mtu.» Ni kweli, na nilikuwa sijui. Nilikuwa pia nimejifunza kukunja parachuti bila kulazimishwa, nikipiga magoti zaidi ya saa nzima kupambana na kitambaa cha nailoni kinachoteleza kama samaki hai, nikipanga kamba, nikihakikisha kile kitambaa kidogo cha mraba kinachopunguza kishindo cha kufunguka kipo juu kabisa mahali pake. Nilikuwa nimeiita kazi hiyo wajibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mruko mmoja ukiwa umefungwa kwa mwingine sidhani kama unaweza kukupa jibu, na kutolala kwako ninakuheshimu lakini sikuchukulii kuwa ushahidi. Ukiweza, anza mafunzo, kisha jichunguze siku utakayonyimwa. Na ukiona kwamba umenaswa kweli, jihadhari na yule mrukaji wa upenyo wa wingu aliye ndani ya kila mmoja wetu, kwa sababu ajali nyingi mbaya katika mchezo huu huwapata watu wazoefu ambao parachuti zao zimefunguka vizuri kabisa, wanapogeuza kwa nguvu karibu na ardhi. Mkufunzi wangu, kwa kutikisa kichwa tu, alinionyesha namna ya kuupenda mchezo huu ambayo sikuwa ninaijua, na mpaka leo, nikiwa nimepita miruko 300, nimeshuka na ndege mara nyingi na sijawahi kuona aibu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda tena, anga ikiwa nyeupe pembeni na safi katikati. Hofu ilikuwa palepale mlangoni ninapoikuta kila mara. Taa ikawa ya kijani. Nikatazama upeo wa macho, nikasukuma kiuno mbele, kilima kikanipokea, na sindano ilipofika 1,700 mkono wangu ulikwenda nyuma na kukikuta kishikio.