Maswali ya Wasomaji: Dubu wa Kanada, Kupe wa Ujerumani, Kiboko wa Dunga

Barua tulizochagua mara hii zimetoka Kisumu, Njoro, Kakamega na Maseno. Walioziandika wanakwenda kusoma ugenini, wana watoto waliokwenda, au wao wenyewe ni wageni huku kwetu. Wote wanataka kujua namna ya kujilinda na wanyama wasiowazoea.

Mhariri, Septemba naanza masomo ya misitu British Columbia, Kanada. Nasikia wanafunzi wa huko hupanda milima kila wikendi. Mjomba ananiambia nikimwona dubu nipande mti. Je, ni kweli?
*Kijana wa Milimani, Kisumu*

Mjomba ana nia njema, lakini mti hautakufaa. Dubu mweusi hupanda mti upesi kuliko wewe. Kukimbia nako usijaribu, kwa sababu dubu hufikia kilomita 50 kwa saa, na kinachomkimbia hutamani kukifukuza.

Unafika huko msimu wa kuwa macho. Kuanzia mwisho wa kiangazi dubu hula karibu mchana kutwa ili wanenepe kabla ya usingizi wa majira ya baridi. Utawakuta penye matunda ya msituni na kando ya mito yenye samaki wa samoni. Penye maji yanayovuma au upepo unaokupiga usoni, dubu hakusikii wala hapati harufu yako, na dubu aliyeshtuliwa kwa karibu ndiye mbaya. Kwa hiyo tembeeni wanne au zaidi, mzungumze kwa sauti, na mpige makofi kabla ya kila kona. Zile njuga zinazouzwa madukani ni mapambo tu, mlio wake haufiki mbali.

Nunua kopo la pilipili ya kufukuzia dubu ukishafika, kwa maana haliruhusiwi ndegeni, hata ndani ya mzigo wa chini. Chukua la gramu 225 au zaidi, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kopo likizeeka presha hupungua. Livae kiunoni au kifuani. Likikaa ndani ya begi ni kama hukulinunua.

Namna ya kulitumia: ng'oa kizuizi kwa kidole gumba, lishike kwa mikono miwili, lielekeze chini kidogo ya usawa wa kichwa cha dubu, kisha subiri afike mita 9 au karibu zaidi. Puliza kwa sekunde mbili au tatu ili wingu la pilipili lisimame kati yenu. Kopo zima huisha kwa sekunde chache tu, kwa hiyo usilimalize akiwa bado mbali. Akigeuka, ondokeni hapo mara moja. Kosa ambalo wageni hulifanya ni kupulizia hema au nguo, wakidhani ni kama dawa ya mbu. Pilipili hufukuza ikimwingia machoni na puani. Ikishakauka kwenye kitambaa, harufu yake huweza hata kumvuta dubu aje kuchungulia.

Ukimwona naye hajakuona, rudi ulikotoka kimyakimya. Akikuona, simama, sema naye kwa sauti ya chini, kisha rudi nyuma taratibu bila kumpa kisogo. Mara nyingi dubu hukurupuka kama anayeshambulia halafu husita. Akikufikia kwa sababu umemshtua, au ana watoto, au analinda mzoga, lala kifudifudi, begi likiwa mgongoni, vidole umevifunga nyuma ya shingo, miguu umeipanua ili asikupindue. Tulia mpaka aondoke. Lakini dubu aliyekunyemelea kwa muda, au aliyeingia hemani usiku, anatafuta chakula. Kwa huyo usilale chini. Pigana naye kwa jiwe, kwa fimbo, kwa chochote, ulenge pua na macho. Amua kwa tabia yake, si kwa rangi, maana dubu mweusi huweza kuwa wa kahawia kabisa. Grizli, yule dubu mwingine wa huko, utamjua kwa nundu ya mabegani.

Mkipiga kambi, pikeni na mhifadhi chakula mita 100 kutoka hemani. Pasipo na sanduku la chuma, tundikeni chakula mita 4 juu ya ardhi, na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Dawa ya meno na mafuta ya midomo huhesabiwa kuwa chakula. Na kama mama amekufungia omena, uzile chumbani kwako mjini.

Binti yangu anasoma Freiburg, Ujerumani. Ameambiwa achanjwe kwa ajili ya kupe. Huku kwetu kupe ni shida ya ng'ombe, na akimshika mtu tunampaka mafuta ya taa. Kuna haja ya chanjo kweli?
*Mama wa Njoro*

Ipo, Mama. Kupe wa kusini mwa Ujerumani huambukiza maradhi mawili yasiyofanana. La kwanza ni ugonjwa wa Lyme, unaotokana na bakteria na kutibika kwa antibiotiki ukiwahiwa. La pili ni virusi vya kuvimbisha ubongo, na hivyo havina dawa ya kuviua. Chanjo ni ya hayo ya pili tu. Hutolewa mara tatu: ya pili mwezi mmoja hadi mitatu baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi kadhaa baadaye. Aanze wakati wa baridi, ili kupe wakiamka majira ya kuchipua awe tayari ana kinga. Amuulize mtu wa bima yake kwanza kabla ya kulipa mfukoni.

Mafuta ya taa aachane nayo. Kupe anayesumbuliwa huweza kutapika ndani ya jeraha, na hapo ndipo vijidudu huingia. Atumie kibano chenye ncha nyembamba, amshike karibu kabisa na ngozi, amvute moja kwa moja bila kumsokota wala kumminya tumbo. Kipande cha mdomo kikibaki, asihangaike kuchimba. Ngozi itakisukuma nje yenyewe.

Akitoka msituni ajikague siku hiyohiyo: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kiunoni penye mkanda na nyuma ya masikio. Kupe mchanga ni mdogo kama kichwa cha pini. Bakteria wa Lyme kwa kawaida huchukua saa nyingi kupita, kwa hiyo kumtoa mapema kunasaidia sana. Virusi havingoji, huingia tangu mwanzo wa kung'atwa. Aandike tarehe, na wekundu unaotanuka ukitokea kati ya siku 3 na 30 aende kwa daktari.

Nakwenda Queensland, Australia. Nyumbani Kakamega tumezoea kumfunga kamba aliyeumwa na nyoka. Huko wanasema wafunge bandeji. Si ni kitu kimoja? Pia, nibebe buti zangu za mtumba?
*Msomaji wa Shinyalu*

Si kitu kimoja hata kidogo. Kamba huzuia damu na huweza kukuua mguu. Usiitumie Shinyalu wala Queensland.

Bandeji ya Australia ni pana, sentimita 10 hadi 15, yenye kunyumbuka. Funga moja juu ya jeraha, kisha nyingine kuanzia vidoleni kupanda mguu mzima, kwa mkazo wa kufunga kifundo kilichoteguka. Ongeza gango la ubao, mlaze mtu, asitembee hata hatua moja, na upige simu ya dharura, namba 000. Jeraha lisioshwe, maana hospitali huweza kupima sumu iliyobaki kwenye ngozi. Njia hii inafaa kule kwa sababu sumu ya nyoka wao hatari husafiri kwa mishipa ya limfu na haiozeshi sana nyama. Nyumbani usimfungie hivyo aliyeumwa na kifutu: sumu yake huharibu nyama papo hapo, na kuibana mahali pamoja huongeza madhara. Huyo mtulize, mvue pete na viatu kabla hajavimba, mfikishe hospitali.

Buti zibebe, ila zisugue kwanza mpaka ndani ya mitaro ya soli, na ukifika useme kwenye fomu kwamba unazo. Udongo wa msitu wa Kakamega hauruhusiwi kuingia, na anayeficha hupigwa faini. Kabla ya hapo, zikunje soli na uzibonyeze kwa kidole. Mtumba uliokaa sana stoo huonekana mzima, kumbe povu la ndani ya soli limeshaoza na litamomonyoka mlimani.

Mimi natoka Tanga, nasoma Maseno. Wenzangu wanataka twende Dunga, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, jioni, tuogelee na kuona viboko. Mnasemaje?
*Mwanafunzi mgeni*

Kuona viboko, sawa. Kuogelea, hapana.

Nendeni asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kwa mashua yenye injini na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Jioni kiboko hutoka majini kwenda kulisha, na njia zilizolala kati ya mafunjo ndizo barabara zake. Ukisimama kati yake na maji, unamzibia kimbilio. Akipanua kinywa, usidhani anapiga miayo, hapo anakuonya. Nahodha akiingiza mashua kwenye gugu maji, mwambieni atoke: mizizi hujiviringisha kwenye propela, na kiboko huweza kuwa chini yake bila kuonekana.

Kuhusu maji, konokono wa ufukweni hueneza kichocho, na minyoo yake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo hakutoshi. Kama mmeshaogelea, pimeni wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa sababu kabla ya hapo kipimo huweza kukosa kuonyesha kitu. Ugonjwa ukionekana, dawa ni prazikwanteli, na kiasi chake huhesabiwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo msigawane vidonge vya mwenzenu.