Barua kwa mwanangu: dhamana ya ziada ya gari la michezo lililokwishatumika

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo na baba yako anakusalimu sana. Nimepata ujumbe wako pamoja na nakala ya mkataba, na nimeusoma wote. Umeniuliza kama inafaa kuongeza pauni 900 juu ya bei ya lile Porsche Boxster S la mwaka 2007 ulilolipenda huko Coventry, Uingereza, ili upate dhamana ya ziada ya miaka 2, yaani mkataba wa kulipia matengenezo gari likiharibika, anayokuuzia mwenye yadi, na umesema anataka jibu kabla ya Jumamosi. Jibu langu ni kwamba dhamana hiyo usiinunue. Gari lenyewe sikukatazi, ila kuna mambo ya kufanya kwanza. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu unajua kazi yangu ilikuwa idara ya madai ya bima ya magari, na mkataba wa namna hii mimi husoma kwanza kurasa za mwisho, penye orodha ya visivyolipwa, ndipo nikarudi mbele penye picha na ahadi.

Tuanze na gari, kwani dhamana haiwezi kupimwa bila kujua kitu gani hasa kinahofiwa. Injini yake ni ya lita 3.4, ya ukoo ule ambao Porsche iliuanzisha katika miaka ya 1990 ilipoanza kupoza injini za magari haya kwa maji. Ni injini nzuri, lakini ina maradhi mawili ambayo kila fundi anayezijua Porsche atakutajia. La kwanza ni beringi ya shafti ya kati, ile shafti inayopeleka mzunguko wa injini kwenye shafti za vali; beringi hiyo ikivunjika huweza kuiua injini nzima. Huko Marekani wenye magari walikwenda mahakamani kwa ajili yake, na mwaka 2013 yakafikiwa maridhiano yaliyohusu magari ya Boxster na 911 yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2001 na 2005. La kwako ni la baadaye, lina beringi kubwa zaidi ambayo huvunjika kwa nadra, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Linalonitia wasiwasi ni la pili, yaani kukwaruzika kwa silinda. Kuta za silinda za injini hizi hazikuvikwa chuma; ni aluminiamu yenye chembe ngumu za silikoni ambazo ndizo zinazobeba msuguano wa pistoni. Chembe hizo zikianza kung'oka, pistoni husugua ukuta mtupu, ukuta unapata michirizi, oili inapenya na kuungua, na mwenye gari anaanza kuongeza oili mara kwa mara, anasikia mgongano mdogo wa chuma kwa chuma injini ikiwa imewashwa, na anaona masizi mengi mdomoni mwa bomba la moshi. Injini za lita 3.4 zimepatwa na ugonjwa huu zaidi kuliko zile ndogo za lita 2.7. Kuifungua injini ya namna hiyo, kuweka kuta mpya za silinda na kuiunda upya huko Uingereza ni kazi ya pauni 10,000 na zaidi, yaani karibu bei ya gari unalotaka kununua. Hiyo ndiyo hasara unayoihofia, na ndiyo hasara ambayo dhamana ingestahili kuibeba.

Sasa tazama mkataba unasemaje. Kifungu cha maana kinaeleza kuharibika kuwa ni kifaa kuacha kufanya kazi kwa ghafla na bila kutazamiwa. Chini yake wametaja wasiyoyalipia: uchakavu, nguvu kupungua taratibu kwa sababu ya umri na maili, oili kutumika kupita kiasi, na hitilafu yoyote iliyokuwapo kabla ya mkataba kuanza. Yasome tena maneno hayo manne ukiwa na ile silinda akilini. Michirizi haiji kwa ghafla. Huja kwa miezi, pengine kwa miaka, na dalili yake ya kwanza ni oili kupungua. Kwa hiyo mkataba umekiacha nje kitu kile kile kilichokufanya utake kuununua, na umefanya hivyo bila kutaja silinda hata mara moja.

Nimekaa upande ule wa meza, na najua madai kama hayo yanavyokwisha. Mkaguzi akifika gereji haulizi kama injini imekufa, kwa maana hilo kila mtu analiona. Anauliza ilianza kuumwa lini. Anaomba risiti za sevisi, anatafuta oili iliyonunuliwa katikati ya sevisi mbili, kisha anapitisha ukucha juu ya mchirizi ulio ukutani mwa silinda. Ukucha ukinasa, anajua kwamba jambo hilo halikuanza wiki iliyopita, na katika fomu anaandika uchakavu. Yeye hajamdhulumu mtu. Amefuata mkataba ambao mteja aliutia saini.

Kabla hajafika huko, kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawauoni mpaka umewanasa. Mkataba wako unasema kazi isianze bila idhini ya kampuni, na kwamba gharama ya kufungua injini ili chanzo kijulikane ni ya mwenye gari mpaka madai yakubaliwe. Maana yake ni kwamba utamwambia fundi ateremshe injini na kuifungua kwa saa nyingi za kazi, na madai yakikataliwa utabaki na injini iliyo vipande vipande juu ya meza ya gereji na bili ya kuifungua mkononi, kabla hata ya kuzungumzia kuitengeneza.

Tuseme hata hivyo wamekubali. Kikomo cha kila dai ni pauni 2,000. Saa ya fundi wanailipia pauni 60, na mafundi waliobobea katika Porsche hutoza zaidi ya hapo, achilia mbali wakala rasmi, kwa hiyo tofauti ni yako. Gari likizidi maili 60,000, na la kwako umeniambia lina maili 71,000, nusu ya bei ya spea unaibeba wewe. Halafu pauni 100 za kwanza za kila dai ni zako pia. Katika bili ya pauni 12,000, watakusaidia kwa pauni 1,900, na zinazobaki utazitafuta kama vile hukuwa na dhamana yoyote.

Utaniambia kwamba itakusaidia katika mambo madogo. Ndiyo, oltaneta ikifa au pampu ya maji ikivuja watalipa sehemu. Lakini vitu vinavyosumbua zaidi katika Boxster la umri huo ni springi zinazokatika, mikono ya saspensheni inayolegea, klachi, breki, na rejeta za mbele ambazo hujaa majani makavu na kuoza, na karibu vyote hivyo nimevikuta katika orodha ya visivyolipwa. Kumbuka pia kwamba katika zile pauni 900 imo kamisheni ya mwenye yadi, zimo gharama za kampuni, na ikiwa mkataba umeandikwa kama bima, imo na kodi ya asilimia 20 ambayo Uingereza huitoza bima ya mitambo inayouzwa na muuzaji wa magari, badala ya asilimia 12 ya bima za kawaida. Kinachosalia kwa ajili ya kulipia matengenezo si kingi.

Jambo ambalo mwenye yadi hakukueleza ni kwamba sheria inakulinda bila kulipa chochote. Chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, ukinunua gari kwa mfanyabiashara, na si kwa mtu binafsi, una siku 30 za kulirudisha na kudai pesa zako zote likiwa na kasoro isiyokubalika kwa gari la umri na bei hiyo. Baada ya hapo, mpaka ifike miezi 6, kasoro ikijitokeza huchukuliwa kwamba ilikuwapo siku uliyokabidhiwa gari, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Ana nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa unaweza kulirudisha, ingawa anaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi yako. Vilevile, lipa angalau sehemu ya bei kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama ulichoweka kwenye kadi ni amana tu. Yadi ikifungwa kesho, bado utakuwa na wa kumdai.

Sipingi dhamana zote. Ile ya Porsche wenyewe ni kitu kingine kabisa, kwa sababu gari hukaguliwa kwanza katika vipengele 111, na matengenezo hufanywa na mafundi wao kwa spea zao. Huko Uingereza huitoa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka 15 na maili 125,000. La mwaka 2007 limekwishapita umri huo. Kama utulivu wa moyo ndio unaoutaka kuliko yote, basi subiri, weka akiba, utafute Boxster la toleo lililoanza mwaka 2012, ambalo injini yake haina ile shafti ya kati, na hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia lipia dhamana ya kiwandani. Bei yake ni kubwa zaidi, najua, na najua pia kwamba umelipenda hili.

Kwa hili basi, fanya hivi. Tafuta fundi huru aliyebobea katika Porsche, asiyejuana na mwenye yadi, umlipe pauni mia chache aondoe sampu ya oili, yaani beseni la oili lililo chini ya injini, na kupitisha kamera ndogo ya waya ndani ya silinda zote 6 kutokea chini. Kutazama kutokea tundu la plagi hakutoshi, kwa kuwa michirizi mingi iko upande usioonekana vizuri kutoka juu. Mwambie muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo. Ukifika, gusa injini kwa mkono kabla halijawashwa, na ukiikuta ina moto uulize kwa nini. Omba risiti za sevisi, si kile kitabu chenye mihuri peke yake. Hapa kwetu anayenunua gari la Japani pale bandarini hana wa kumuuzia dhamana ya injini kuukuu, ndiyo maana huenda na fundi wake hata kama muuzaji ni jamaa yake. Picha za kamera zikiwa safi, kinachobaki katika zile pauni 900 kiweke katika akaunti ya peke yake, na kila mwezi uongeze pauni 100 mpaka ufikishe kiasi cha kukuwezesha kulala. Kama hizo pauni 100 za kila mwezi huziwezi, niambie ukweli, kwa sababu hapo tatizo si dhamana, ni kwamba gari hili bado halijawa la mfuko wako.

Na ya Jumamosi usiyahofie. Zipo kampuni zinazowauzia dhamana wenye magari moja kwa moja hata baada ya kununua, kwa hiyo hakuna mlango unaofungwa siku hiyo. Mwandikie leo kwa barua pepe, umwambie unataka gari bila dhamana, kwamba utaleta fundi wako na kamera, na kwamba amana utalipa baada ya ripoti. Akikataa kamera, ondoka. Akikubali, nitumie picha za silinda pamoja na ripoti kabla hujatoa hata pauni moja, nami nitazipeleka kwa mjomba wako gereji azitazame pia.

Wasalaam,
Mama yako