Mchungaji alisema kaka yangu yuko motoni

*Shangazi, kaka yangu mkubwa alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Goma. Alikufa kwa ajali usiku kwenye barabara ya Sake, akiwa amekunywa. Alibatizwa Katoliki lakini kanisani alikuwa haonekani tena. Mimi nimeokoka, nasali kanisa la uamsho. Kwenye matanga mchungaji wangu alisimama kuhubiri. Mbingu ilikuwa nyekundu upande wa volkano ya Nyiragongo, akanyoosha kidole kule: "Mnaona ule moto? Ndugu yenu yuko kwenye ule usiozimika." Mama alianguka. Sasa mama anataka kuombea marehemu misa, mchungaji ananikataza kwenda. Silali. Nikifunga macho namwona kaka ndani ya moto, halafu najiona mimi. Kaka aliacha pia mtoto kwa binti mmoja wa Ndosho, lakini familia haijamtambua. Nifanye nini?*
*Dada wa Katoyi*

Dada wa Katoyi, pole sana. Mpe pole na mama.

Nianze na mchungaji, maana naona unamwogopa yeye kuliko huo moto wenyewe. Kuna jambo moja amesema kweli: hukumu ipo. Sitakudanganya ili upate usingizi. Waraka kwa Waebrania unasema mtu hufa mara moja, na baada ya kufa ni hukumu, na Kanisa halijawahi kulifuta neno hilo. Ila kusema hukumu ipo ni jambo moja, na kuisoma hukumu ya mtu mbele ya jeneza lake ni jambo jingine kabisa. Hiyo kazi alipewa na nani?

Pikipiki ilipoacha barabara hadi kaka yako alipokata roho, hapo katikati hakuna kati yetu aliyekuwapo. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakuwa na ubatizo, hakuwa na fungu la kumi, wala hakupata nafasi ya kurudisha alichoiba. Alisema maneno machache tu, akajibiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Sisemi kaka yako alisema kama yeye, maana sijui, na mchungaji naye hajui. Hata Kanisa Katoliki, lenye orodha ndefu ya watakatifu, halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kwamba yuko jehanamu. Hata Yuda Iskarioti.

Halafu ule mlima. Mtu wa Goma kuuchezea Nyiragongo kwenye mahubiri, kwa kweli imenikera. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji ikalibeba hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, watu wakatoka na magodoro kichwani. Ilichagua nyumba za walevi ikaruka za waliookoka? Yesu aliletewa swali la namna hiyo, liko Luka 13. Akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawaambia waliokuwa wakimsikiliza watubu wao. Kidole kilichoelekezwa kwa wafu akakigeuza kwa walio hai.

Sisi huku tumezoea kuisikia hukumu kama fimbo tu. Lakini tazama mji tunaoishi. Wangapi wamezika watu wao na muuaji anajulikana, anapita barabarani, na hakuna mahakama iliyomwita? Mkumbuke Floribert Bwana Chui, kijana wa hapa hapa, aliyekuwa akikagua bidhaa za mpakani. Alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichooza, akauawa mwezi wa saba 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, na Goma ikafurahi. Lakini angekuwa ni fundi cherehani asiyejulikana na mtu? Kwake, na kwa wote waliofukiwa bila hata msalaba wenye jina, habari kwamba yuko Hakimu asiyekula hongo ni habari njema. Soma Zaburi ya 98, mito inapiga makofi na milima inaimba kwa sababu Bwana anakuja kuhukumu. Nani anamshangilia hakimu? Ni yule aliyedhulumiwa na hana pengine pa kwenda.

Na Hakimu mwenyewe ni nani? Kanuni ya Imani, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wengi wanaikiri pamoja, inasema atakayekuja kuwahukumu wazima na wafu ni yule yule aliyeteswa kwa Pontio Pilato, akasulubiwa, akafa, akazikwa. Amewahi kusimama yeye mwenyewe kwenye kesi ya uongo. Kwenye kaburi la Lazaro alijua atamfufua, bado "Yesu akalia machozi." Huyo ndiye unayemkabidhi kaka yako. Matumaini ya Mkristo hayasemi "najua hukumu ya kaka itakuwaje." Yanasema "namjua atakayeihukumu." Ukiomba usiku, mwambie hivyo hivyo: Bwana, huyu ni wako, mimi siwezi kumbeba.

Kuhusu misa, Wakatoliki wanawaombea marehemu, tarehe 2 Novemba ni siku yao nzima, na wanataja kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambacho kwenye Biblia yako hakimo. Ninyi mnaamini mtu akishakufa maombi yetu hayambadilishii kitu. Wamebishana hivyo tangu karne ya 16, mimi na wewe hatutamaliza leo. Lakini hujaulizwa unaamini nini. Mama amefiwa na mtoto, anataka binti yake akae naye kwenye benchi. Nenda. Sala usiyoiamini, nyamaza. Mchungaji akiuliza, mwambie ulimsindikiza mama yako, na usiongeze neno.

Mchungaji pia umwone, mchana, ukiwa na mtu mzima wa familia, kwa heshima. Mweleze jinsi mama alivyoanguka. Akiwa mtumishi kweli, atakuja nyumbani kumwomba mama msamaha. Asipokuja, makanisa hapa mjini hayakosi, kila kona kuna bango.

Sasa nije kwenye mstari ulioupitia haraka. Karibu barua yote ni moto, na mtoto wa Ndosho amepata sentensi moja, mwishoni. Mtoto huyo ndiye aliyenifanya niisome barua mara mbili.

Kwenye Mathayo 25, Mwana wa Adamu anapoketi kuhukumu, haulizi mtu alisali wapi. Anauliza juu ya njaa, kiu, nguo, mgonjwa, mgeni, mfungwa. Walioko kuume wanashangaa, hawakumbuki kumfanyia kitu. Walioko kushoto wanashangaa pia. Dada, unaogopa utakachoulizwa siku ile, na swali lenyewe liko Ndosho, labda leo halijala. Motari akifa, mwenye pikipiki anachukua chuma chake. Na yule binti anabaki na nini?

Ongea na mama kwanza, bila kumficha. Kisha mchukue baba mdogo au shangazi yako wa damu, msiende mikono mitupu: unga, mafuta, samaki wadogo wa sambaza, nguo ya mtoto. Usiende kumhoji binti kama mtoto ni wa kaka kweli, na usiende kuomba mtoto mhamie naye Katoyi. Mpe pole, maana naye amefiwa na hakuna aliyemwita kwenye matanga. Mengine ya ukoo na jina yatakuja baadaye, wazee wakikaa.

Yale unayoyaona ukifunga macho si unabii. Ni msiba, na juu yake umepakiwa mahubiri mabaya. Kama usingizi bado hauji, nenda kituo cha afya uwaeleze. Kuokoka hakukatazi dawa.

Ukitoka Ndosho niandikie. Nataka kujua mtoto anaitwa nani.

Shangazi