Usikubali kupigiwa window kabla hujaangalia saa ya kompyuta

Mkuu, umesema tangu umeme ulipokatika juzi kompyuta yenu ya nyumbani inagoma kuingia kwenye barua pepe. Mara inadai muunganisho si salama, mara nywila si sahihi, na fundi ameshakwambia dawa ni kupiga window upya, yaani kufuta diski na kuweka Windows mpya. Tafadhali mzuie kwanza. Jambo hilihili lilimkuta dada yangu wa Morogoro mwaka jana, na kama tungekubali kupigiwa window siku ile, akaunti yake ingepotea.

Dada anashona sare za shule na oda zake zinakuja kwa barua pepe, kwa hiyo kila siku iliyopita bila kuingia ilikuwa hasara. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba. Kompyuta za aina hiyo umeme ukikatika hazina kitu cha kushikilia saa isipokuwa kile kibetri cha duara kilichopo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), aina ya CR2032, cha volti 3. Kikichoka, kila umeme ukienda mashine inasahau tarehe. Ya dada ilikuwa inaamini tuko Januari 2010.

Tarehe inahusianaje na barua pepe? Tovuti yenye alama ya kufuli huonyesha cheti chake cha utambulisho cha kidijitali kabla ya kukukaribisha, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyobaki 2010 ikitazama cheti kilichotolewa mwaka huu inaona bado hakijaanza kutumika, hivyo inakuzuia. Intaneti nzima, akaunti nzima, nywila ni ileile. Ndiyo maana simu yako inaingia vizuri na kompyuta inakataa kwenye mtandao uleule.

Mimi nilikuwa Dar, nikamwelekeza kwa simu arekebishe tarehe na saa. Akafanya. Onyo la usalama likaondoka, nywila ikakubalika, lakini zile namba sita za uthibitisho ambazo akaunti yake huomba baada ya nywila zikakataliwa. Tukajaribu mara nne, tano, mpaka akaunti ikafungwa kwa muda kwa sababu ya majaribio mengi. Hapo dada alikuwa karibu kulia, na mimi sikuwa na jibu. Nikamwomba anipigie picha ya skrini yote. Pembeni kule chini saa ilisoma 2:15. Tulikuwa tumerekebisha saa mbili na robo asubuhi, naye ameandika saa kama tunavyoitamka, wakati kompyuta inataka 8:15. Tofauti ya saa sita kamili.

Namba zile alikuwa anazipata kwenye programu niliyomwekea humohumo kwenye kompyuta, maana simu yake ni ya kitochi. Programu hizo hazipokei namba kutoka popote. Zinakokotoa kwa ufunguo wa siri uliohifadhiwa ndani ukichanganywa na saa ya mashine, na namba hubadilika kila sekunde 30. Saa ikikosea, namba inakosea, hata kama ufunguo ni sahihi. Alipoweka 8:15, akahakikisha ukanda wa saa ni ule wa Nairobi, UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa), kisha akawasha saa ijirekebishe kwa intaneti, tukasubiri kufuli la muda liishe. Akaingia mara moja.

Sasa fikiria ule ufunguo wa siri ulikuwa wapi. Ulikuwa kwenye diski ambayo fundi wa dada alitaka kuifuta! Na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zingekwenda nazo. Jioni ileile tulichukua namba za dharura ambazo huduma hukupa kwa ajili ya siku kama hizo, akaziandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kibetri nilinunua kwa shilingi 2,000, nikapeleka mwenyewe. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unatoa cha zamani, unaweka kipya upande wa + ukitazama juu.

Kama fundi ameshapiga window, au saa yako iko sawa na bado nywila inakataliwa, angalia mpangilio wa kibodi. Window mpya huweza kuwekwa mpangilio wa kibodi ya Uingereza badala ya ule wa Marekani. Kwenye ya Marekani, Shift na 2 hutoa @. Kwenye ya Uingereza hutoa alama ya kufungua usemi. Nywila yenye @ itakosea kila mara, nawe huoni chochote zaidi ya vidoti. Fungua Notepad, ile programu ya kuandikia maandishi, uandike nywila yako hapo uitazame kwa macho, kisha uifute. Ikiwa herufi zimebadilika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi ili kubadili kibodi.

Pia usichanganye PIN ya kuwashia kompyuta na nywila ya akaunti. PIN inakaa kwenye mashine ile tu. Ukiiandika kwenye ukurasa wa barua pepe itakataliwa milele.

Kubadilisha nywila iwe hatua ya mwisho kabisa, na kabla ya hapo hakikisha laini uliyoandikisha kwenye akaunti bado ni yako na ipo hewani. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwake. Na mtu yeyote akikupigia akaomba umsomee namba ya uthibitisho, hata akijitambulisha vipi, usimpe.

Tuandikie hapa tarehe na saa inayosomeka pembeni ya skrini yako sasa hivi, na kama fundi ameshagusa kitu.